Pudo ana shida gani? Mshike kwanza, kumwangalia hakutoshi

Nafuga pudo, yule mbwa wa nywele za kujikunja anayeitwa poodle kwa Kiingereza, hapa Dar, anaitwa Kashata, dume la rangi ya kahawia, ana miaka sita na kilo saba na ushee, na kwa vile nilijifunza kumnyoa mwenyewe basi majirani, ndugu, na marafiki wa ndugu wote wenye pudo wananitafuta mimi. Mara anajikuna, mara ananuka, mara kabweka usiku mzima mpaka mwenye nyumba kalalamika. Swali langu la kwanza huwa ni lilelile, umemshika? Siyo umemwangalia, umemshika, vidole vikaingia mpaka kwenye ngozi, kwapani, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu? Maana pudo kwa nje anaweza kupendeza kama anapelekwa harusini, kumbe chini ya manyoya kuna kidonda, kuna kupe, kuna mbavu zinahesabika na wewe hujui.

Sababu ni manyoya yenyewe. Mbwa wengi wana manyoya ya juu na mengine laini chini yake na wanapukutisha ovyo, pudo ana tabaka moja tu la nywele zinazojikunja na kurefuka bila kusimama, na unywele ukitoka haudondoki sakafuni, unanasa kwa wenzake. Ndiyo maana kochi lako linabaki safi, na ndiyo maana yeye anafungamana. Nusu ya shida ninazoulizwa zinaanzia hapo, nusu nyingine zinaanzia kichwani, nitazifikia.

Haya usikae kusoma, mbebe uende kwa daktari wa mifugo sasa hivi

Tumbo limejaa ghafla na kukaza kama ngoma, anahangaika, anajikamua kutapika na hakitoki kitu. Hii ni hasa kwa standadi, yule mkubwa, tumbo linajaa gesi na linaweza kujipinda, na likijipinda linaua ndani ya masaa. Usimpe chai ya tangawizi, usimpe chochote.

Mtoto wa toi, yule mdogo kuliko wote, kalegea, anayumba, anatetemeka. Mara nyingi ni sukari imeshuka, hawa wadogo hawana akiba mwilini, akikosa mlo mmoja tu anaweza kuanguka. Mpake asali au glukosi kidogo kwenye fizi kwa kidole, usimmiminie mdomoni kama hamezi maana atapaliwa, halafu ondoka naye. Ukishamrudisha nyumbani awe anakula kidogo kidogo mara nne kwa siku.

Fizi zimekuwa nyeupe, au mkojo una rangi ya chai ya rangi. Au kala chokoleti, zabibu, bigijii isiyo na sukari, sumu ya panya. Nenda na pakiti yake mkononi, daktari ataihitaji.

Manyoya yameshikana kama mkeka

Chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote ni brashi ya juu juu. Mtu anaapa anampiga brashi kila siku, na ni kweli anampiga, mbwa anaonekana kama pamba, ila brashi haijawahi kugusa ngozi. Jipime hivi, chukua kitana cha chuma, kiweke mpaka kwenye ngozi halafu kivute kutoka nje. Kikikwama hapo pana fundo hata kama hulioni.

Chanzo cha pili ni kumwogesha kabla ya kumchana. Fundo likilowa na likakauka linakaza kuliko lilivyokuwa, kwa hiyo utaratibu ni kuchana, kuogesha, kutia kondishona, kusuuza mpaka maji yatoke safi, halafu kumkausha huku unaendelea kuchana. Kumwacha juani ajikaukie mwenyewe ndiyo kumtengenezea mafundo mapya. Na kama mmetoka kuogelea Kigamboni, chumvi isilale kwenye manyoya hata usiku mmoja.

Cha tatu ni umri. Kati ya miezi tisa na mwaka na nusu hivi manyoya ya utoto yanapisha ya utu uzima, na hapo mafundo yanakuja kwa siku mbili tu, unachana leo keshokutwa pamefungamana tena. Wengi wanakata tamaa kipindi hiki na wanadhani wamekosea kitu, hujakosea, mpunguze mpaka kama sentimita moja hivi na usubiri kipite. Cha nne ni mkanda, popote mkanda unaposugua, shingoni na kwapani, angalia kila siku.

Namna ninavyochana mimi ni hii. Namlaza Kashata ubavu juu ya meza yenye taulo ili asiteleze, mkono wa kushoto unasukuma manyoya kwenda juu mpaka ngozi ionekane kama mstari wa nywele zilizogawanywa ili zisukwe, mkono wa kulia unachana yale ya chini ya mstari tu, kidogo kidogo, kutoka ncha kwenda ngozini. Nikimaliza naachia manyoya mengine kidogo, mstari mwingine, hivyohivyo kutoka tumboni mpaka mgongoni. Ukijua kusuka unajua tayari, ni kugawa nywele kulekule. Tukifika kwapani Kashata ananyanyua mguu mwenyewe, ila hiyo ilichukua miezi ya kumpa kipande cha ini la kuchemsha kila nikigusa hapo, kwa sababu kwapani panauma na mbwa akishaumizwa mara moja na kitana anakumbuka.

Fundo dogo lichambue kwa vidole, ligawe mara mbili, mara nne, ndipo uingize kitana. Fundo kubwa usilikate kwa mkasi kutokea chini, nakuomba sana. Fundo linavuta ngozi juu na ngozi inaingia kati ya makali bila wewe kuona, nililetewa jike moja lina mshono nyuma ya sikio kwa sababu hiyohiyo, na aliyelikata ni mtu anayelipenda. Tumia mashine, blade namba 10, uilaze sambamba na ngozi, uguse chuma kila baada ya dakika chache maana blade ikipata moto inaunguza. Mwili mzima ukishashikana nyoa wote. Kubishana na mkeka wa mwili mzima kwa kitana ni kumtesa, manyoya yataota tena.

Kwa kawaida mimi nachana mara tatu kwa wiki na kunyoa kila wiki tano, na mtu asiyeweza hivyo aache yawe mafupi mwaka mzima, huku kwetu kwenye joto na unyevu hata mbwa mwenyewe anashukuru.

Anajikuna, au kapoa tu hataki kula

Kupe. Kabla ya chakula, kabla ya aleji, kupe. Kwa mbwa wa manyoya mafupi unawaona kwa macho, kwa pudo ni lazima uwasake kwa vidole kama unapembua mchele: ndani ya sikio, chini ya mkanda, kwapani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Ukimpata mvute na kibano karibu kabisa na ngozi, kwa kunyoosha, usimpake mafuta ya taa wala kumchoma.

Kupe wanaleta homa yao, na dalili zake ni kukosa hamu ya kula, joto kali, fizi kupauka, mkojo kuwa mweusi, wakati mwingine damu puani. Hiyo inatibika vizuri ikiwahiwa, ikichelewa inaua, na siku mbili za "ngoja tuone" ndizo zinazotupotezea mbwa wengi.

Sasa kuna hili la dawa ya kuogeshea ng'ombe, naliona sana. Mtu anachukua dawa ya josho, anachanganya kwa kukadiria kwa macho, anamwogesha toi wa kilo tatu ambaye baadaye anajilamba mwili mzima. Ile dawa ina vipimo vyake na siyo kila aina inafaa mbwa. Kuna vidonge na matone yanayotolewa kwa uzito wa mbwa, ni ghali kidogo ila unajua umempa nini. Na ukiwa huko kliniki hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa iko hai, pudo wa ndani naye anaumwa na mbwa wa nje pale getini.

Kama hakuna kupe wala viroboto, angalia shampuu. Shampuu ya binadamu inakausha ngozi ya mbwa, na sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri ndani ya manyoya mazito inawasha wiki nzima.

Ukiwa na mkono hapohapo pitisha kwenye mbavu. Unatakiwa uzisikie kwa urahisi bila kukandamiza. Ukizikosa kanenepa, zikiwa kama reli kakonda, na hili kwenye picha halionekani kabisa.

Anatikisa kichwa, sikio linanuka

Sikio la pudo linaning'inia, halipati hewa, na ndani ya tundu lenyewe kuna manyoya yanaota. Maji ya kuogea yakibaki humo, kwa joto la Dar, fangasi na bakteria wanapata nyumba. Nusa masikio yote mawili kila wiki, sikio lenye afya halinuki kitu. Harufu ya kitu kilichochacha, uchafu mweusi kama unga wa kahawa, au usaha, hayo ni ya daktari kwa sababu dawa ya fangasi siyo ya bakteria na siyo ya utitiri, ukibahatisha unapoteza wiki mbili.

Pamba za masikio usiingize, spiriti usitie. Na kuhusu kung'oa manyoya ya ndani, wengi tulifundishwa kwamba lazima, mimi nimeacha. Sikio likiwa zima na halinuki liache, kung'oa kunaacha vidonda vidogo na uvimbe unaanzia hapo. Likiwa linaugua kila mara, daktari ndiye aseme. Ukiona sikio limevimba kama andazi, damu imejaa ndani kwa kutikisa kichwa sana, usitoboe.

Machozi yameacha mistari chini ya macho

Kwa pudo weupe inaonekana kama kutu. Machozi yana kitu kinachobadilika rangi kikikaa kwenye manyoya, kwa hiyo rangi yenyewe siyo ugonjwa, swali ni kwa nini machozi yanamwagika. Mara nyingi ni vinyoya vinavyochoma jicho, au tundu la kupitishia machozi ni jembamba au limeziba. Fupisha manyoya ya pembeni ya jicho, futa kwa maji safi asubuhi na jioni, ukaushe. Akifumba jicho moja, au ute ukiwa wa kijani, hiyo siyo ya kufuta, ni ya daktari siku hiyohiyo.

Anabweka, anatafuna viatu, anachimba godoro

Hapa ndipo watu wanaponiambia "huyu mbwa mkorofi". Siyo mkorofi, hana kazi.

Pudo kwa sura tunamchukulia kama pambo la sebuleni, lakini asili yake ni mbwa wa kuokota bata majini. Jina limetoka Ujerumani, Pudel, kutoka kwenye neno la kurusharusha maji, Wafaransa wanamwita caniche na hilo nalo linatokana na bata. Hata ule unyoaji wa mashindano, wa kunyoa kiuno na kuacha mafungu ya manyoya kifuani na kwenye viungo, unaelezwa kuwa ulianzia huko, apungukiwe uzito majini ila kifua na viungo visipate baridi. Mwaka 1994 Stanley Coren, mtaalamu wa saikolojia, alipopanga mbwa kwa wepesi wa kujifunza kazi na kutii, pudo alikuwa wa pili, nyuma ya border collie tu, yule mbwa wa kuchunga kondoo. Na kuna Mmarekani mmoja, John Suter, alikuwa anaingia mbio za Iditarod kule Alaska, za sleji, yaani kigari cha kuteleza kinachovutwa na mbwa, kwenye theluji, na timu yenye pudo standadi. Mbwa mwenye damu hiyo umemfungia baraza la mita mbili kutoka saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ulitegemea atulie?

Kwa hiyo kabla hujatoka mpe kazi ya dakika kumi na tano. Kutembea tu hakumchoshi huyu, kinachomchosha ni kutumia kichwa. Chukua kitenge kikuukuu, tandaza chakula chake cha asubuhi juu yake, kikunje, kizungushe, mwache atafute kwa pua. Kashata akimaliza kitenge chake analala mwenyewe bila kuambiwa. Siku nyingine mfundishe jambo moja jipya, kaa, subiri, leta ndala, na usirudie mara hamsini, akishaelewa anachoka na anaanza kubuni yake.

Kama anaharibu vitu ukiwa haupo tu, na anahema, anadondosha mate, anakwaruza mlango, hiyo siyo kuchoka kukaa bure, ni hofu ya kuachwa. Pudo anajishikiza sana kwa mtu wake. Anza na kutoka dakika moja, rudi kabla hajaanza kulia, kesho mbili, kisha tano. Shika funguo halafu ukae chini usiende popote, mpaka funguo zisiwe na maana kwake. Kumchapa ukirudi ni kumwongezea hofu ileile, na kule kumuaga kwa kumkumbatia na kumlilia mlangoni kunaongeza pia.

Kubweka getini ni jambo jingine. Chunguza nani anamlipa. Kwetu ilikuwa hivi, Kashata akibweka dada anamtupia kipande cha mkate ili anyamaze, kwa hiyo tulikuwa tunampa mshahara wa kubweka, sote hatukujua. Sasa kengele ikilia anaenda kukaa kwenye kimkeka chake, mlango haufunguliwi mpaka akae, na mkate anaupata akiwa kimya. Hilo la kimkeka lilitusaidia na jirani yetu pia, mzee wa swala tano, akishatia udhu hataki mate ya mbwa yamguse, na ni haki yake kabisa. Zamani alikuwa anapita mbali na geti letu, siku hizi anasimama tunasalimiana.

Anachechemea hatua tatu halafu anaendelea kama hakuna kitu

Kwanza vidole vya miguu, mwiba, au fundo lililokaa katikati kama kokoto ndani ya kiatu. Ukikosa, na ni toi au mini, saizi inayomfuata toi, na ni mguu wa nyuma anaoukunja na kuruka na mitatu kisha anaunyoosha anaenda, hiyo kwa kawaida ni kifuniko cha goti kinachohama mahali pake. Kuna daraja nne, za mwanzo anaishi nazo kwa uzito mdogo na kuzuiwa kuruka kwenye makochi, za juu ni upasuaji. Mpeleke apimwe, na usimzalishe.

Kikohozi kama mlio wa bata

Anakohoa akifurahi, akinywa maji, au ukivuta kamba? Kwa toi na mini shuku bomba la hewa la shingoni kulegea. Ondoa mkanda wa shingoni leo hii, weka wa kifuani, punguza uzito, muone daktari. Mbwa mzee anayekohoa usiku amelala, moyo wake upimwe.

Niliuziwa toi, mbona anakua tu?

Mimi mwenyewe. Aliyeniuzia Kashata aliniambia toi, leo ana sentimita 34. Pima kutoka chini mpaka begani akiwa amesimama wima, uzito na maneno ya muuzaji yaache. Kwa kipimo cha FCI, chama cha kimataifa cha mbwa, toi ni sentimita 24 hadi 28, mini juu ya hapo mpaka 35, wa kati mpaka 45, standadi mpaka 60. Marekani wana aina tatu tu, toi haizidi inchi 10, mini mpaka 15, zaidi ya hapo standadi. Hakuna aina rasmi ya pudo wa kikombe cha chai, anayekuuzia huyo anakuuzia mbwa mdogo mno na mara nyingi mgonjwa. Ombeni kumuona mama yake. Rangi kupauka ile miaka ya mwanzo haimaanishi umedanganywa, wa kahawia na wa rangi ya aprikoti, ile ya chungwa iliyopauka, wengi wanafifia.

Na wale walionunua pudo sababu mtoto ana aleji halafu mtoto bado anapiga chafya: aleji haimo kwenye unywele wenyewe, imo kwenye mate na magamba ya ngozi. Nywele hazisambai, kwa hiyo wengine wanapata nafuu, siyo wote. Mtoto akae na mbwa huyo masaa kadhaa, siku tofauti, kabla hamjatoa hela.

Anaumwa, anapona, anaumwa, na hakuna anayejua ni nini

Hili mkono hauwezi kulipata, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Anatapika, anaharisha, kalegea, hataki kula, mnaenda kliniki anatundikiwa dripu, kesho yake mzima. Mwezi unapita, inarudi, hasa baada ya safari au wageni wengi au kelele za sikukuu. Mnaambiwa tumbo, mnaambiwa chakula kibaya, mnabadilisha chakula mara nne.

Kwa pudo, na zaidi standadi, ulizia ugonjwa wa Addison. Ni tezi zilizo juu ya figo, zimeacha kutoa homoni zinazousaidia mwili kuhimili mshtuko na kushika chumvi. Ikigundulika anaishi miaka yake yote kwa dawa ya kila siku, au sindano ya kila mwezi pamoja na vidonge. Isipogundulika, siku moja anaanguka haamki. Kinachowapoteza madaktari ni kwamba dripu inamfufua na ushahidi unaondoka nayo. Kwa hiyo akianguka safari ijayo, omba damu itolewe kabla dripu haijaanza, wapime sodiamu na potasiamu, na sodiamu ikiwa chini huku potasiamu iko juu, waulize kuhusu kipimo cha ACTH, kinachoonyesha kama tezi hizo bado zinafanya kazi.